Filamu tatu za kwetu, na mama aliye ndani yake

Watu wengi wanafikiri filamu ni mambo ya vijana tu: vita, karate, mapenzi ya Nigeria. Juma hili ninawaletea filamu tatu zilizopigwa katika nchi yetu ya Kongo. Zote tatu zinagusa maisha ya nyumbani. Nitawaambia nilichopenda, nisichopenda, na mtoto wa umri gani anaweza kukaa karibu nanyi mnapoziangalia.

Augure (2023)

Hii ndiyo mpya kati ya zile tatu. Aliyeitengeneza ni Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji. Jina lake kila mama wa hapa analisikia vizuri: walozi. Mwaka 2023 filamu hii ilipewa zawadi ya Sauti Mpya kule Cannes, Ufaransa, katika sehemu inayoitwa Un Certain Regard.

Koffi alizaliwa na alama nyekundu usoni. Kwa alama hiyo na kwa kifafa chake, watu wa kwao walimwita mchawi, na mama yake akamweka mbali. Sasa ni mtu mzima. Anarudi na mchumba wake mzungu mwenye mimba, ameleta mali kwa baba yake kama desturi inavyotaka. Anapewa mtoto mchanga wa dada yake amshike. Damu inamtoka puani, inamdondokea mtoto, na kelele inaanza. Hakuna anayeuliza kama mgeni ni mgonjwa. Wote wameshajua jibu.

Kipande hicho peke yake kinatosha kwa mazungumzo ya kikundi kizima. Kinaonyesha namna neno moja linavyotangulia, halafu kila kitu kinachotokea kinageuzwa kuwa ushahidi.

Filamu imegawanywa kwa watu wanne: Koffi, Paco, mtoto wa barabarani, Tshala, dada ya Koffi, na mwishoni Mujila, mama yao. Mujila anachezwa na Yves-Marina Gnahoua, na kwangu mimi yeye ndiye moyo wa filamu. Mwanzoni unamchukia. Ukifika kwenye sehemu yake unaona kwamba naye alibebeshwa mzigo na wengine. Filamu haisemi kwamba alitenda vema. Inatuonyesha tu jinsi woga wa ukoo unavyopita mkononi mwa mama mpaka kumfikia mtoto.

Nisichopenda: kuna ndoto nyingi, mavazi na vinyago vingi, mpaka mtu anapoteza njia ya hadithi. Sehemu ya Paco ingetosha kuwa filamu yake. Watoto wadogo wasiangalie, wataogopa usiku. Kuanzia miaka 16 wanaweza, mkiwa pamoja.

Félicité (2017)

Hii ni ya Alain Gomis, na imepigwa Kinshasa. Félicité anaimba katika baa. Mtoto wake Samo anaanguka na pikipiki, na hospitali inataka pesa kwanza ndipo wampasue mguu. Mama anazunguka mji wote: anadai madeni yake, anaomba jamaa, anaingia hata nyumbani kwa tajiri asiyemjua.

Véro Tshanda Beya anacheza Félicité bila kulialia. Uso wake ni mgumu, kwa sababu mama anayetafuta pesa ya matibabu hana nafasi ya kulia. Filamu ilipata zawadi kubwa ya waamuzi kule Berlin mwaka 2017, na mwaka huohuo Étalon ya dhahabu huko Ouagadougou. Muziki ni wa Kasai Allstars, nyimbo ambazo masikio yetu huku hayatazikataa.

Sehemu ya pili inakwenda polepole sana, na kuna kipande cha mambo ya chumbani. Ni ya watu wazima. Lakini bamama wenye likelemba wataelewa haraka kwa nini sanduku la dharura lisingojee ajali.

Makala (2017)

Hii si mchezo wa kuigiza. Ni maisha yenyewe, na watu wanasema Kiswahili. Emmanuel Gras, Mfaransa, anamfuata Kabwita, kijana wa kijiji cha upande wa Kolwezi. Anakata mti mkubwa, anachoma makala, anapakia mifuko kwenye kinga, halafu anaisukuma kwa mguu kilomita karibu 50 mpaka mjini. Njiani lori linamwangusha, na wenye kizuizi wanataka chao. Anatafuta pesa ya mabati ya nyumba yake.

Mjini wanunuzi wanabishana naye bei. Pale nilijitambua, na ninyi mtajitambua, kwani sisi ndio tunaobishana bei ya mfuko kila siku. Neno langu moja: mke wake Lydie anabaki kijijini na watoto, na kamera inamwacha mapema mno. Kazi yake pia ni kilomita nyingi. Filamu hii watoto wa miaka 10 na zaidi wanaweza kuiangalia.

Tuanzie na ipi?

Kama kikundi chenu kina jioni moja tu, chagueni Augure, ingawa ndiyo ngumu zaidi. Sisi walimu tunaona darasani mtoto anayekaa peke yake kwa sababu ya neno lililosemwa nyumbani au kwenye chumba cha maombi. Kifafa ni ugonjwa, kina dawa hospitalini, na hakiambukizi. Alama ya ngozi ni ngozi tu. Na sheria iko wazi: Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inatoa kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3 na faini ya franka 200.000 mpaka 1.000.000.

Baada ya filamu, ulizaneni maswali haya: Nani alitamka neno la kwanza juu ya Koffi? Nani angeweza kulizuia? Katika barabara yetu, mtoto gani anaitwa hivyo leo, na nani kati yetu atakwenda kuongea na mama yake?