Neno 'right' la Kiingereza na Neno Haki la Kiswahili: Uchunguzi wa Maana na Tafsiri

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yatumikayo kila siku, ni machache yanayomtatiza mfasiri wa Kiswahili kama neno 'right'. Ni neno fupi, nalo mtoto wa shule hulijua tangu mwaka wake wa kwanza wa masomo. Lakini neno hilo hilo hutumika kuelekeza njia, kusahihisha hesabu, kupima pembe, kutaja upande wa siasa na kueleza stahili ya raia mbele ya dola. Katika makala haya tunakusudia kueleza asili ya maana hizo na jinsi zinavyohusiana. Kisha tutazilinganisha na maana za neno haki la Kiswahili, na kuonyesha kwa nini jambo hili si la wanakamusi peke yao.

Yafaa tueleze kwanza tofauti moja ya kiisimu. Neno moja linapokuwa na maana nyingi zenye uhusiano, twasema kwamba neno hilo lina upolisemia. Istilahi hii ilianzishwa na Mfaransa Michel Bréal katika kitabu chake cha semantiki cha mwaka 1897. Lakini maneno mawili yenye asili mbalimbali yanapogongana kwa umbo tu, hayo ni homonimu. Kwa mfano, kulia kwa maana ya kutoa machozi na kulia katika kauli 'mkono wa kulia' ni homonimu. Hilo la pili ni umbo la kutendea la kitenzi kula, yaani ni mkono utumikao kulia chakula. Swali letu la kwanza, basi, ni hili: je, 'right' ni neno moja au ni maneno kadhaa?

2. Asili ya neno 'right'

Jibu ni kwamba ni neno moja. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa 'riht', na maana yake ya msingi ilikuwa -enye kunyoka, isiyopinda. Ni ndugu wa neno 'recht' la Kijerumani na 'rectus' la Kilatini, na mzizi wake wa kale ulihusu kunyosha na kuongoza. Ndiyo maana Kilatini kina 'regere', yaani kuongoza, na 'rex', yaani mfalme. Kinyume cha 'right' katika maadili ni 'wrong', neno lililotoka katika lugha za Skandinavia, na maana yake ya awali ilikuwa -enye kupinda. Kwa hiyo Waingereza wa kale waliutazama uadilifu kwa mfano wa mstari. Lililo jema limenyoka na lililo baya limepinda.

Kiswahili nacho chautumia mfano huo. Twasema mtu mnyofu, twasema njia iliyonyooka tukikusudia mwenendo mwema, na twasema mambo yamekwenda upande yanapoharibika. Hapana haja ya kudhani kwamba lugha moja imeazima kwa nyingine. Yaelekea wanadamu wengi wamefikia mfano huo kila mmoja kwa njia yake.

Kutokana na maana hiyo ya unyofu yalizuka matawi mengine. 'Right angle' ni pembe iliyosimama wima juu ya mstari wake, na haihusiani kamwe na upande wa kulia. Mfasiri aandikaye 'pembe ya kulia' amefuata tawi lisilo lake. Neno linalofaa ni pembemraba. Katika 'right now' na 'right here' neno hilo husisitiza tu. Lililokwenda moja kwa moja pasipo kupinda limefika mahali penyewe hasa. Kiswahili hutimiza kazi hiyo kwa takriri na vionyeshi: sasa hivi, hapa hapa, papo hapo. Vilevile 'right' huweza kuwa kitenzi, kama vile katika kuinua mashua iliyopinduka na kuisimamisha tena.

Maana ya upande wa mkono ilikuja baadaye. Katika Kiingereza cha Kale mkono huo uliitwa kwa neno jingine, 'swithre', maana yake ulio na nguvu zaidi. Neno 'left' nalo asili yake yahusishwa na udhaifu. Hapa mwanafunzi wa lugha za Kibantu hatakosa kukumbuka kauli yetu ya mkono wa kuume, na mwenzake mkono wa kike. Mgawanyo huo nao wauhesabu mkono mmoja kuwa wenye nguvu na mwingine kuwa dhaifu. Kiingereza kiliacha mfano wa nguvu kikachukua mfano wa unyofu: mkono wa 'right' ukawa mkono ulio sawa, unaofaa kwa kazi.

Tawi la kisiasa ni changa zaidi. Mwaka 1789, katika Bunge la Taifa la Ufaransa, waliotaka kuhifadhi mamlaka ya mfalme walikaa kuumeni kwa mwenyekiti, na wapinzani wao wakakaa kushotoni. Kwa hiyo tusemapo leo mrengo wa kulia, twarejea mpangilio wa viti vya Bunge hilo.

3. Kipimo cha kinyume

Msomaji atatambuaje ni tawi gani linalokusudiwa? Kipimo chepesi ni kuuliza kinyume cha neno katika sentensi inayohusika. Ikiwa kinyume ni 'left', tafsiri ni kulia au kuume. Ikiwa kinyume ni 'wrong', tafsiri ni sahihi, sawa au -a kufaa, kama vile jibu sahihi, au mtu anayefaa kwa kazi. Ikiwa hakuna kinyume bali kuna mshirika wake ambaye ni wajibu, basi tafsiri ni haki. Na ikiwa hakuna kinyume wala mshirika, kama katika 'right now', neno ni la kusisitiza tu, na huenda lisihitaji neno lolote mahali pake.

Kipimo hiki chakubaliana na fundisho la J. R. Firth kwamba sehemu ya maana ya neno hukaa katika maneno yanayoandamana nalo. Chakubaliana pia na hoja ya Ferdinand de Saussure katika mafunzo yake yaliyochapishwa mwaka 1916, kwamba thamani ya neno hutokana na mipaka yake na maneno jirani ndani ya lugha ile ile. Neno 'right' halilingani na neno lolote moja la Kiswahili, kwa sababu majirani zake si majirani wa maneno yetu.

4. Neno haki upande wa pili

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Kiingereza ndicho chenye utata na Kiswahili ni wazi. Neno haki limetokana na Kiarabu, katika mzizi wa ḥ-q-q, ambao wabeba maana ya ukweli, ya stahili na ya lililothibiti. Katika dini ya Kiislamu neno hilo ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Mzizi huo umetupa pia hakika, uhakika, hakiki na tahakiki. Lakini hakimu, hukumu, hekima na mahakama yatoka katika mzizi mwingine, ḥ-k-m. Kwa kuwa Waswahili wengi hawatofautishi sauti mbili za Kiarabu, q na k, mizizi hiyo miwili imekaribiana masikioni mwetu hata mtu hudhani kwamba hakimu ni mwenye kutoa haki kwa asili ya neno lenyewe. Kwa asili ya neno, hakimu ni mwenye kuhukumu. Kama hukumu yake ni ya haki au sivyo, hilo ni jambo jingine.

Katika Kiswahili cha leo haki yabeba angalau dhana tatu ambazo Kiingereza huzigawa. Kwanza, ni stahili ya mtu: ana haki ya kupiga kura. Pili, ni hali ya mambo kutendeka kwa uadilifu, ambayo Kiingereza huiita 'justice'. Hiyo ndiyo maana ya neno haki katika Wimbo wa Taifa wa Kenya. Tatu, katika kauli kwa haki, neno hilo lakaribia 'fair'. Kwa sababu hiyo twaweza kusema, pasipo kosa lolote la sarufi, kwamba kila mtu ana haki ya kupata haki kwa kusikilizwa kwa haki. Sentensi hiyo ina haki tatu na maana tatu.

Sarufi yetu hutusaidia kwa kiasi fulani. Haki ya maana ya kwanza huhesabika. Twasema haki mbili, haki zangu, Haki za Binadamu. Haki ya maana ya pili haihesabiki, wala haina wingi. Lakini kwa kuwa neno liko katika ngeli ya I-ZI, umbo lake halibadiliki, na tofauti huonekana katika upatanisho tu. Vitenzi navyo huchagua. Mtu huwa na haki au hudai haki kwa maana ya kwanza. Mtu hutenda haki, na haki hutendeka, kwa maana ya pili. Utata hubaki pale ambapo upatanisho haupo na kitenzi chakubali maana zote mbili. Kitenzi nyima ni mfano mzuri.

5. Athari zake katika sheria

Tuchukue sentensi hii: Mahakama ilimnyima haki. Yaweza kumaanisha kwamba mahakama ilimzuia kutumia stahili fulani, kwa mfano kumwita shahidi. Yaweza pia kumaanisha kwamba hukumu yote haikuwa ya uadilifu. Lalamiko la kwanza lahitaji kutajwa ni haki ipi iliyovunjwa. La pili ni lalamiko juu ya matokeo ya kesi nzima. Katika mahakama za chini za Kenya mshtakiwa aweza kujieleza kwa Kiswahili, na mara nyingi kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza. Anayeandika hulazimika kuchagua kati ya 'right' na 'justice'. Mshtakiwa mwenyewe huenda asijue kwamba uchaguzi umefanywa kwa niaba yake, wala kwamba jaji wa rufani atasoma neno lililochaguliwa, si lile alilolitamka.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yazidisha uzito wa jambo hili. Kwa mujibu wa Kifungu cha 7, Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Hata hivyo Kifungu cha 259 chaeleza kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakihitilafiana, toleo la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Maana yake ni kwamba raia aisomaye Katiba kwa Kiswahili akakuta neno haki, hana budi kuuliza ni neno gani lililoko upande wa pili wa tafsiri. Kifungu cha 48 chazungumzia 'justice', Kifungu cha 50 chazungumzia usikilizaji ulio 'fair', na Sura ya Nne kwa jumla yazungumzia 'rights'.

Aidha, neno 'right' lenyewe lina tabaka ndani ya sheria. Mwaka 1913 mwanasheria wa Marekani, Wesley Newcomb Hohfeld, alionyesha kwamba wanasheria hulitumia kwa mahusiano manne yasiyofanana. La kwanza ni dai, ambalo huandamana na wajibu wa mtu mwingine. Haki ya mtoto ya kupata elimu ya msingi bila malipo, katika Kifungu cha 53, ni dai juu ya Serikali. La pili ni uhuru wa kutenda au kutotenda, kama haki ya aliyekamatwa ya kunyamaza, katika Kifungu cha 49. La tatu ni mamlaka ya kubadili hali ya kisheria, kama vile mwenye mali anapoiuza. La nne ni kinga dhidi ya mamlaka ya wengine. Kifungu cha 25 chazuia kupunguzwa kwa haki ya kusikilizwa kwa haki mahakamani, hata kwa sheria ya Bunge.

Kiswahili kina maneno manne yaliyo tayari kwa dhana hizo: dai, uhuru, mamlaka na kinga. Hatusemi kwamba yatumike mahali pa haki katika matini ya sheria, kwani matini ya asili haikuyatumia. Lakini maelezo ya sheria kwa wananchi, na mafunzo ya wakalimani wa mahakama, yangenufaika sana nayo. Raia anayeelezwa kwamba haki yake ni dai ataelewa pia kwamba yuko mtu mwenye wajibu, na atajua amwendee nani.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba 'right' ni neno moja lililotanuka kutoka maana ya unyofu, na kwamba haki ni neno moja lililotanuka kutoka maana ya ukweli na stahili. Maneno hayo mawili yakutana katika sehemu moja tu ya uwanja wa kila moja. Mahali pengine kila moja hufuata njia yake.

Kutokana na hayo twatoa mapendekezo matatu. Kwanza, kamusi za lugha mbili, ambazo tangu ile ya Madan ya mwaka 1894 na ile ya Johnson ya mwaka 1939 zimekuwa tegemeo letu, ziendelee kuboreshwa kwa kuzipa maana namba na mifano. Mfululizo wa visawe vilivyotengwa kwa mkato tu haumwonyeshi mfasiri mipaka ya kila kimoja. Pili, pale ambapo 'right' na 'justice' hukutana katika aya moja, mfasiri atumie haki kwa lile la kwanza, na kwa la pili afikirie uadilifu au insafu, au aongeze maneno ya kufafanua. Tatu, wakalimani wa mahakama wafundishwe kumwuliza msemaji kabla ya kumchagulia. Kifungu cha 50 champa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi msaada wa mkalimani bila malipo. Msaada huo haujatimia ikiwa mkalimani hajui kwamba haki ina maana zaidi ya moja.

Tanzania ilirekebisha sheria yake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kadiri kazi hiyo inavyoendelea huko, na kadiri Kenya inavyotafsiri sheria zake, neno haki litabebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Ni wajibu wa idara za lugha kuupima mzigo huo mapema, kabla haujawaangukia wale wasio na wakili.