Kitabu, Gitaa na Wenzi: Utungaji wa Papo kwa Papo katika Muziki wa Jazi

Aghalabu msikilizaji wa Afrika Mashariki alisikiapo neno jazi, fikira zake humwendea Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz, ama Franco na OK Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka wa 1956 katika jiji ambalo leo huitwa Kinshasa. Bendi hizo zilivaa jina hilo kama kanzu ya sikukuu. Muziki wenyewe ulikuwa dansi, benga na rumba. Jazi inayojadiliwa katika makala haya ni ile ya Wamarekani Weusi, iliyochipuka mjini New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo kiini chake ni utungaji wa papo kwa papo. Mpigaji huchukua wimbo unaojulikana, akaupiga mara moja ulivyo, kisha akatunga wimbo mwingine juu ya ule wa kwanza pale pale jukwaani, bila karatasi, na bila ahadi kwamba kesho atautunga vivyo hivyo.

Wapo wanaodhani kuwa uwezo huo ni kipawa kitupu, kwamba mpigaji huziokota sauti hewani na asiyezaliwa nao hawezi kuupata. Dhana hiyo imewavunja moyo wanafunzi wengi wa gitaa, nayo haina msingi. Mpigaji wa jazi hatungi katika utupu. Nyimbo nyingi anazozitumia zina urefu wa vipimo 32, vilivyogawanyika katika mafungu manne ya vipimo vinane vinane. Nyimbo za bluzi huwa na vipimo 12. Umbo hilo huzunguka tena na tena, na kila mzunguko una mfuatano ule ule wa kordi, yaani mafungu ya sauti zinazolia kwa pamoja. Mwanafunzi wa Kiswahili hatashangaa. Malenga anayetunga tarbia hajiulizi kila mara ubeti utakuwa na mishororo mingapi wala mshororo utakuwa na mizani ngapi. Minne na 16 zimekwisha kumkaa kifuani, na kwa sababu hiyo akili yake iko huru kushughulikia maneno. Arudhi ndiyo inayompa nafasi ya kusema.

Swali gumu ni jinsi arudhi hiyo inavyoingia kifuani. Wapiga jazi wa kwanza waliipata kwa kusikia. Hata hivyo, baadaye vilitokea vitabu vya mazoezi, na kwa wapiga gitaa hakuna kilichojulikana kuliko kile cha Mickey Baker kilichochapishwa mwaka wa 1955. Baker alizaliwa mwaka wa 1925 mjini Louisville, jimbo la Kentucky, akafia Ufaransa mwaka wa 2012. Alikuwa mpigaji wa studio mwenye kazi nyingi mjini New York, na kitabu chake kina sura ya mtu asiye na muda wa kupoteza. Kina masomo 52, idadi ya majuma katika mwaka, na somo la kwanza humtwika mwanafunzi maumbo 26 ya kordi ayakariri kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Masomo ya mwanzo ni ya kordi. Zile za solo huja baadaye. Maelezo ni machache mno. Kitabu huonyesha mahali pa kuweka vidole kwenye shingo ya gitaa, kikaamuru zoezi lirudiwe, basi. Mwalimu wa sarufi angekilaumu kwa kutoa mifano bila kanuni, na lawama hiyo ingekuwa na haki nusu.

Kanuni yenyewe si ngumu kuifafanua, hasa kwa yeyote aliyeimba kwaya kwa do-re-mi. Mfuatano unaojitokeza katika jazi kuliko mwingine wowote una kordi tatu. Ya kwanza ina re, fa, la na do. Ya pili ina so, ti, re na fa. Ya tatu, ambayo ndiyo nyumbani, ina do, mi, so na ti. Kordi ya kwanza inapoipisha ya pili, fa hubaki mahali pake ilhali do hushuka nusu hatua ikawa ti. Ya pili inapoipisha ya tatu, ti ndiyo inayobaki, na fa ikashuka nusu hatua ikawa mi. Mihemo hiyo miwili midogo ndiyo inayoliambia sikio kwamba safari inaelekea nyumbani. Mpigaji wa solo anayezigusa sauti hizo kwa wakati wake atasikika akizungumza na wimbo hata kama nota zake ni chache. Asiyezigusa anaweza kupiga nota 100 kwa kasi ya kutisha na bado akasikika kama mtu anayepayuka. Kwa lugha ya ushairi, huyo ametimiza mizani na kuvisahau vina.

Hata hivyo, mtu anaweza kulijua jambo hili barabara, akakariri masomo yote 52, na asiweze kutunga. Ushahidi mzuri ni wa Wes Montgomery wa Indianapolis, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa wapiga gitaa wakuu wa jazi. Yeye hakusoma kitabu wala hakujua kusoma nota. Alipokuwa kijana wa miaka 20 hivi alizisikiliza sahani za santuri za Charlie Christian na kuzinakili solo zake kwa sikio, nota kwa nota. Akapata kazi klabuni kwa sababu ya solo hizo. Alizipiga sawasawa, wasikilizaji wakafurahi, lakini zilipokwisha hakuwa na la kuongeza. Ilimbidi anyamaze wenzake wakiendelea. Alikuwa amepata msamiati mzuri sana wa mtu mwingine. Ilimchukua miaka ya kupiga na wengine usiku baada ya usiku, huku mchana akifanya kazi kiwandani, kabla ya msamiati huo kuwa wake.

Charlie Christian mwenyewe, aliyefariki mwaka wa 1942 akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa na bahati ya kupata barza. Baada ya kumaliza kazi katika bendi ya Benny Goodman alikuwa akienda Minton's, klabu ya Harlem, na kupiga na vijana kama mpiga piano Thelonious Monk na mpiga ngoma Kenny Clarke hadi usiku wa manane. Rekodi zilizonaswa hapo mwaka wa 1941 zinamwonyesha akitunga mzunguko baada ya mzunguko, kwa urefu ambao sahani za dakika tatu za wakati huo hazikuruhusu. Mtindo wa bibopu ulikomaa kwenye mikutano ya aina hiyo, katikati ya watu waliokuwa wakisikilizana na, mara nyingine, wakifedheheshana.

Upungufu huu wa kitabu ulitambuliwa na walimu wenyewe. Mwaka wa 1967 Jamey Aebersold, mpiga saksafoni na mwalimu wa jimbo la Indiana, alianza kutoa vitabu vilivyoambatana na sahani za santuri ambamo bendi imepiga kordi, besi na ngoma, ikiiacha nafasi ya solo wazi kwa mwanafunzi. Ulikuwa msaada mkubwa kwa aliye peke yake, na mfululizo huo ulipita matoleo 130. Kasoro yake ni moja tu: bendi ya santuri haimsikii mwanafunzi. Akipotea njia, yenyewe husonga mbele. Akitamka jambo zuri, haitikii.

Ndiyo maana kitabu kama cha Baker husomeka vyema zaidi kikisomwa na kikundi. Wanafunzi watatu au wanne hukubaliana kuhusu somo moja kwa juma. Kila mmoja hulifanyia mazoezi kwake, kisha hukutana. Mmoja hupiga rithimu, akizungusha zile kordi tatu bila kuchoka, mwingine hutunga, wa tatu huhesabu vipimo na kumkosoa anayepoteza mahali. Kosa ambalo mtu hulifanya nyumbani kwa miezi mitatu bila kujua hugunduliwa na mwenziwe kwa dakika moja. La muhimu zaidi, anayepiga rithimu hujifunza kunyamaza na kusikiliza, ustadi ambao hakuna ukurasa unaoweza kuufundisha. Ugumu upo pia. Mwepesi wa vidole hutaka kukimbilia somo la 40 ilhali wenziwe wako la 12, na vikundi vingi huvunjikia hapo.

Zoezi linalowafaa kuliko yote ni lile la kupokezana vipimo vinne vinne. Wa kwanza hutunga vipimo vinne, wa pili vinne, na kuendelea, bila kukatiza mapigo. Mashabiki wa Muyaka bin Haji na wenzake wa pwani walivyojibizana watalitambua mara moja umbo hili, ingawa wale walikuwa na siku kadhaa za kuandaa jibu na hawa wana nukta chache. Mwanzoni kila mmoja hupiga alichokikariri kutoka kitabuni, na majibu hayahusiani na maswali. Baada ya majuma kadhaa hutokea badiliko dogo. Wa pili huacha alichokuwa amekiandaa, na kuanza kwa nota ile ile aliyoishia mwenziwe.