Bwawa la Samaki na Mtoto wa Miaka Miwili

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii ugonjwa. Unazungumzia shimo lenye maji.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kutoa pole katika nyumba moja huku kwetu Kilolo. Marehemu alikuwa mtoto wa miaka miwili na miezi kadhaa. Baba yake alikuwa amechimba bwawa la samaki bondeni, hatua ishirini hivi kutoka mlango wa jikoni, na perege walikuwa wameanza kuvuliwa. Mama alinieleza kwamba alimwacha mtoto akicheza na kopo, akaingia jikoni kusonga ugali, na alipotoka kopo lilikuwa linaelea majini. Hakusikia kilio wala kishindo. Hilo ndilo lililomtesa kuliko yote, kwamba hakusikia kitu. Alijiona mama mzembe.

Hakuwa mzembe. Ndivyo watoto wadogo wanavyokufa maji. Methali yetu inasema mfa maji haachi kutapatapa, na kwa mtu mzima mara nyingi ni kweli. Lakini mtoto wa umri ule kichwa chake ni kizito kulingana na mwili wake, hivyo akiinama kuchota maji hutangulia kichwa. Maji yakishamfunika pua na mdomo hawezi kuvuta pumzi, na asiyevuta pumzi hana sauti ya kulia. Huzama kimya, mara nyingi kabla dakika moja haijaisha. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne au tano huanza kuharibika. Wala hahitaji maji mengi: sentimeta chache zinazotosha kufunika pua na mdomo zinaweza kumuua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikisha miaka mitano. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, kama yetu. Tunaposikia habari hizi tunafikiria meli na mitumbwi ya Ziwa Viktoria au Ziwa Nyasa. Lakini kwa mtoto mdogo hatari kubwa ni maji yaliyo karibu na nyumbani: bwawa, kisima, ndoo.

Je, tufukie mabwawa? Hapana. Samaki ni chakula kizuri kwa watoto wetu, na maji ya kumwagilia miparachichi na nyanya ndiyo yanayolipa ada za shule. Yafaa tujifunze kwa wenzetu ambao wameishi na mabwawa nyuma ya nyumba zao kwa muda mrefu. Nchini Australia familia nyingi zina bwawa la kuogelea uani. Watoto wao nao walikuwa wakifa maji, na wazazi wao nao waliambiwa wawe waangalifu zaidi. Uangalifu peke yake haukutosha. Jimbo la New South Wales lilitunga sheria ya mabwawa ya kuogelea mwaka 1992, na majimbo mengine yana sheria za namna hiyo. Jambo kubwa katika sheria hizo ni uzio. Wataalamu waligundua pia kwamba uzio wa pande tatu, ambao upande wa nne ni ukuta wa nyumba wenye mlango, haufai sana, kwa sababu mtoto hutokea ndani ya nyumba. Uzio unaookoa ni ule unaozunguka bwawa pande zote nne na kulitenga na nyumba.

Vipimo vyao ni rahisi, na havihitaji kiwanda. Uzio uwe na kimo cha sentimeta 120, yaani kukaribia kifua cha mtu mzima. Nafasi kati ya mti na mti isizidi sentimeta 10, takriban upana wa kiganja cha mwanaume, na chini kusiwe na mwanya wa kupenya. Lango lifunguke kuelekea nje, mbali na maji. Tena lijifunge na kujikaza lenyewe mtu akishapita.

Sisi huku tuna mianzi, tuna matete, na kwenye mashine za mbao kuna mabanzi. Vyote vinafaa. Wengi wetu tunajua kujenga uzio wa kuzuia mbuzi, lakini uzio wa kuzuia mtoto una tofauti moja, nayo ni kwamba mtoto hupanda. Kwa hiyo miti isimame wima, na zile fito za kulala zinazoshikilia miti zifungwe upande wa ndani, unaotazama maji. Zikiwa upande wa nje zinakuwa ngazi. Vilevile usiache gogo, rundo la matofali au ndoo iliyofunikwa kando ya uzio. Mianzi huoza mapema pale inapoingia ardhini, basi iangalie kila mwisho wa masika na kubadilisha iliyolegea.

Lango ndilo linalosumbua watu. Nimeona uzio mzuri wa mabanzi ambao lango lake lilikuwa limeegeshwa tu kwa jiwe, kwa sababu kila siku mtu anapita na pumba za kulisha samaki na mikono yake imejaa. Dawa yake ni kulifanya lijifunge. Kata utepe wa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, funga ncha moja kwenye lango na nyingine kwenye nguzo ili livutwe lirudi. Wengine hufunga kamba yenye jiwe linaloning'inia, likaenda chini lango linajifunga. Komeo liwe juu kabisa, upande wa ndani, ili mtu mzima apitishe mkono kwa juu na mtoto asilifikie.

Sasa tulitazame bwawa lenyewe. Mahali penye mteremko mkali, na kwetu miteremko haikosekani, mtu hutaka kuokoa eneo, hivyo huchimba kingo zikasimama kama ukuta wa kaburi. Hilo ni kosa mara mbili. Kingo zilizosimama hubomoka mvua zikija, na aliyetumbukia hana pa kukanyaga. Kingo za ndani zilale: kwa kila mita moja ya kwenda chini, ziende mita mbili pembeni. Kina nacho si lazima kiwe cha kutisha. Kwa perege, upande maji yanapoingia sentimeta 60 zinatosha, na upande yanapotokea mita moja au zaidi kidogo. Majani ya kingoni yafyekwe, mtu aone maji tangu mbali. Mbu nao watapungua.

Bomba la kutolea maji lifungwe wavu imara. Wengi hufanya hivyo ili samaki wasitoroke, lakini kuna sababu nyingine. Maji yanayotoka kwa nguvu huvuta, na mguu au mkono wa mtoto ukinaswa hapo mtu mzima anaweza kushindwa kuutoa. Marekani ilitunga sheria juu ya vifuniko vya mabomba ya mabwawa ya kuogelea mwaka 2007, baada ya mtoto wa miaka saba kufa mwaka 2002 akiwa amenaswa na mvuto wa maji chini ya bwawa dogo. Siku ya kukausha bwawa, watoto wakae mbali, hata kama wanafurahia kuona samaki wakirukaruka.

Naomba nisimame kidogo kwenye mabwawa ya kumwagilia yaliyotandikwa nailoni nyeusi. Yameongezeka pamoja na kilimo cha parachichi, na mimi binafsi nayaogopa kuliko ya samaki. Nailoni ikishaota utelezi wa kijani, hakuna anayepanda. Si mtoto tu. Kijana mwenye nguvu anayejua kuogelea ataparua ile nailoni mpaka achoke, huku ukingo uko mkono mmoja juu yake. Bwawa la namna hii lisijazwe maji hata siku moja kabla ya kuwekewa njia ya kutokea. Funga kamba nene zenye mafundo kwenye nguzo zilizochimbiwa nje ya ukingo, moja kila upande, zishuke mpaka chini ya maji. Au unganisha matairi makuukuu yashuke kama ngazi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya nailoni yenyewe.

Kabla ya kuchimba, uliza pia juu ya mahali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na kibali cha kutumia maji ya mto hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyopo Iringa mjini. Watu wa vinyungu wanajua jinsi jambo hili lilivyo na maneno mengi. Ninachotaka kusema ni kimoja: ukilihamisha bwawa kutoka mtoni, usilisogeze hadi mlangoni.

Visima vya kuchimba viwe na ukuta unaofika kiunoni na mfuniko mzito. Mashimo ya udongo wa tofali yafukiwe kazi ikiisha, maana masika huyajaza, na maji yale ya rangi ya udongo hayaonyeshi kina. Ndani ya nyumba, ndoo ya maji ya kufulia isiachwe sakafuni panapo mtoto anayetambaa.

Baada ya uzio bado lipo suala la nani anamwangalia mtoto. Siku za kupanda na kupalilia, wakubwa wote wako shambani, na mdogo anaachwa kwa dada yake wa miaka saba ambaye naye anataka kucheza. Huko Bangladesh, nchi yenye madimbwi kila mahali, vijiji vilianzisha vituo ambapo mama mmoja aliyefundishwa hukaa na watoto wasiofikia umri wa shule kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, muda ambao akina mama wana kazi nyingi. Vifo vya maji vilipungua sana kwa watoto waliohudhuria. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinaweza kufanya hivyo kwa zamu, bila mradi wala mfadhili.

Mwenye kifafa naye akumbukwe. Degedege likimkuta kandokando ya maji, hata maji ya magotini yanaweza kumuua. Asitumwe kuteka maji wala kulisha samaki peke yake, na akianguka majini atolewe mara moja. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Anayechelewa kumshika kwa kuogopa anamwacha afe.

Mtu akitumbukia, usikimbilie kuruka majini kama hujui kuogelea. Mara nyingi msiba wa mmoja huwa wa wawili kwa njia hiyo. Kwa sababu hiyo kila bwawa liwe na mwanzi mrefu wa kumnyooshea, na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo na kamba ndefu. Dumu huelea, naye hulishika ukamvuta. Wala mtu asiazime lile dumu kwenda kuchotea pombe.

Ukishamtoa, usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo, usimzungushe. Tumezoea kufanya hivyo ili maji yatoke, lakini anachokosa ni hewa, na kukamua tumbo huleta matapishi yanayoingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu. Rudisha kichwa nyuma kidogo, inua kidevu. Kama hapumui, mzibe pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, mpulizie pumzi tano, ukitazama kifua kinavyoinuka. Kwa mtoto mchanga funika mdomo na pua pamoja, na upulize kidogo tu. Asipoanza kupumua, bonyeza katikati ya kifua mara 30, upesi, karibu mara mbili kwa sekunde, kifua kiingie ndani theluthi ya unene wake. Kisha pumzi mbili, kisha mara 30 tena. Usiache mpaka apumue au mpaka ufikishwe kwa mganga. Mwenzako atafute pikipiki au gari wakati wewe unaendelea.

Akirudisha pumzi, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mkaushe na kumfunika khanga kavu na blanketi, kwani baridi ya huku kwetu humwingia haraka. Apelekwe zahanati au hospitali siku ile ile, hata kama analia vizuri na kuomba uji, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuanza kushindwa kazi saa kadhaa baadaye. Njia nzima, mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kutazama kifua chake.