Namna Seli za Mkonge Zinavyopokea na Kuitikia Homoni za Ukuaji: Ufafanuzi kwa Muktadha wa Miche ya Korogwe na Handeni

Mkonge unaolimwa Korogwe na Handeni haupandwi kwa mbegu. Tangu Richard Hindorf alipouagiza kutoka Florida mwaka 1893, ambapo ni miche 62 tu iliyofika hai, zao hili limeenezwa kwa sehemu za mmea mama: maotea yanayochipua kando ya shina, na vikonyo vinavyoota kwenye mlingoti baada ya maua kuanguka. Aina ya chotara 11648, iliyozalishwa Mlingano wilayani Muheza, huenezwa vivyo hivyo. Kwa kuwa kila mche ni kipande cha mama yake, mkulima anayechukua maotea kutoka shamba lenye ugonjwa wa madoa ya majani wa Korogwe anaweza kuuhamishia ugonjwa huo shambani kwake. Ndiyo maana ukuzaji wa tishu maabara, kwa kutumia mmea mama uliothibitika kuwa mzima, umepewa uzito. Hata hivyo, njia zote tatu zinategemea jambo moja: seli kupokea homoni na kuiitikia.

Auksini huzalishwa kwa wingi katika kilele cha shina na majani machanga, kisha husafirishwa kushuka chini. Mwaka 2005 ilibainika kuwa kipokezi chake, protini iitwayo TIR1, kimo ndani ya kiini cha seli. Auksini hufanya kazi kama gundi: huiunganisha TIR1 na protini za kundi la Aux/IAA, ambazo kwa kawaida huzuia jeni za ukuaji zisisomwe. Zikishaunganishwa, protini hizo hutiwa alama ya ubikuitini na kuvunjwavunjwa. Kwa hiyo auksini haiamrishi ukuaji moja kwa moja, bali humwondoa mlinzi aliyefunga mlango.

Saitokinini hufuata njia nyingine. Vipokezi vyake, ambavyo cha kwanza kilitambuliwa mwaka 2001, vimo kwenye utando. Homoni inapojishikiza, kundi la fosfeti hupokezwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka ndani ya kiini, ambako jeni za mgawanyiko wa seli huamshwa.

Homoni hizi mbili hazifanyi kazi kwa kutengana. Auksini inayoshuka shinani hupunguza utengenezaji wa saitokinini, na hivyo machipukizi ya kando hubaki yamelala. Kilele kikiharibiwa, kizuizi hicho hulegea na machipukizi huamka. Katika maabara, Skoog na Miller walionyesha mwaka 1957, kwa kutumia tishu za tumbaku, kwamba uwiano ndio unaoamua: auksini ikizidi, mizizi huota, saitokinini ikizidi, machipukizi huota, zikikaribiana, tishu hukua bila umbo maalumu.

Hapa ndipo penye suala la msingi kwa uzalishaji wa miche. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya maabara ni nusu tu ya maelezo. Nusu nyingine imo ndani ya seli. Seli zenye vipokezi vingi, vichache au vya aina tofauti huitikia kipimo kilekile kwa namna tofauti, na umri wa tishu na sehemu ilipokatwa hubadili mwitikio huo. Ni kosa, basi, kudhani kuwa kipimo kilichofaa kwa Agave sisalana kitaifaa chotara 11648 bila kupimwa upya. Aidha, maarifa ya vipokezi yaliyoelezwa hapa yametokana hasa na mmea mdogo wa Arabidopsis thaliana. Kuyahamishia kwenye mkonge ni dhana inayopaswa kujaribiwa, ingawa msingi wa mifumo hii unapatikana katika mimea yote inayotoa maua.

Kwa mkulima mdogo wa Handeni au Korogwe, tofauti hii si ya kinadharia. Mkonge huchukua takribani miaka mitatu kabla ya kukatwa kwa mara ya kwanza, na hudumu shambani kwa miaka mingi. Mche uliotoka kwenye tishu isiyo na umbo maalumu unaweza kuwa na kasoro za kijenetiki zisizoonekana kitaluni, na kasoro hizo hujitokeza wakati gharama za kusafisha shamba, kupanda na kupalilia zimekwisha kulipwa. Kwa hiyo ubora wa mche uhukumiwe kwa kufuatilia mwitikio wa seli za kila aina ya mkonge na ukuaji wa miche yake shambani, wala si kwa idadi ya machipukizi yaliyotoka kwenye chupa pekee.