Bwawa la samaki likigeuka kijani kizito: usikimbilie dawa

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana somo hili nililipata kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa ya kwangu.

Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa kata ninayohudumia alinipigia simu. "Bwana shamba, bwawa langu limekuwa kama mlenda, njoo uone." Nikaenda. Bwawa la mita 20 kwa 10, ndani kuna perege 600 wa miezi minne. Maji yalikuwa ya kijani kizito, na kwenye kona ambako upepo unasukuma maji palikuwa na utando kama rangi iliyomwagika, unanuka.

Nikamwambia atafute mrututu. Tukapima, tukamwaga bwawa zima siku moja. Siku ya pili akanipigia kwa furaha, maji yameanza kung'aa. Siku ya nne, saa kumi na moja alfajiri, simu ikaita tena. Safari hii mzee hakusalimia. Alisema tu, "Samaki wameelea." Tuliwatoa kwa ndoo hadi saa tatu asubuhi. Nilihesabu 412. Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya mjukuu wake aliyeko chuo.

Nini kilitokea?

Mwani mchana hutengeneza oksijeni kwa msaada wa jua. Usiku nao huvuta oksijeni ileile wanayovuta samaki, ndiyo maana samaki wengi hufa alfajiri. Sasa ukiua mwani wote kwa mpigo, unazama na kuoza, na bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni iliyobaki. Yaani niliondoa kijani nikaleta kifo.

Na kile kilichoulisha mwani, nitrojeni na fosforasi, bado kilikuwa majini. Hata samaki wangepona, kijani kingerudi. Banda la kuku la mzee lilikuwa juu ya bwawa, mbolea inadondoka usiku na mchana, na juu yake anamwaga pumba hadi zinabaki. Mimi sikuuliza.

Ninachoshauri siku hizi

1. Pima kabla ya kutibu. Funga kifuniko cheupe kwenye fimbo yenye alama za sentimita, kizamishe taratibu. Kikipotea kwenye sentimita 30 hadi 40, maji yako ni mazuri. Chini ya 20, mwani umezidi. Kijani kidogo usikiogope, ni chakula cha perege.

2. Kata chakula cha mwani. Simamisha mbolea kabisa na usilishe kwa siku mbili au tatu. Perege hafi njaa kwa siku hizo.

3. Badilisha maji kidogo kidogo. Toa robo kutoka chini, palipo na uchafu, kisha ongeza maji safi. Usiyaelekeze kwenye kisima au kijito cha kunywa.

4. Utando uutoe kwa chandarua, ukiwa umevaa glavu. Ule utando wa kijani-bluu kitaalamu huitwa sayanobakteria. Ndio hao wanaosumbua pia Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Baadhi yao wana sumu, na ukiwaua kwa dawa sumu hiyo inamwagika majini. Ng'ombe na mbuzi wasinywe hapo. Samaki waliokufa fukia, usile, usiuze.

5. Amka alfajiri. Ukiona samaki wamepanda juu wanahema, ingiza maji safi yakianguka kutoka juu kama mvua, ili yachukue hewa. Usiwape chakula asubuhi hiyo.

Mambo yakitulia, lisha kwa kipimo: asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa samaki wote kwa siku. Samaki 600 wa gramu 100 ni kilo 60, kwa hiyo chakula ni kilo 1.2 hadi 1.8, basi. Kikibaki kinaelea baada ya dakika 15 au 20, umezidisha.

Yule mzee hakunifukuza, namshukuru. Tulihamisha banda la kuku, akapandikiza vifaranga upya. Msimu wa joto maji yakaanza tena kuwa mazito, kifuniko kikapotea kwenye sentimita 18. Tukafuata hatua hizo hizo, bila dawa yoyote. Ilichukua karibu wiki mbili, na hakuna samaki aliyeelea.

Siku ya kuvua nilimwomba msamaha tena. Akacheka, akasema, "Mwanangu, siku ile ulikuja na jibu mkononi. Ungeniuliza kwanza kuku wangu wanalala wapi."

Basi ndugu mfugaji, bwawa lako likigeuka kijani, kabla hujatafuta cha kuua, tafuta kinacholisha. Na kesho alfajiri, kabla hujaenda popote, kapitie bwawani uangalie samaki wako wanavyohema.