Kirusi cha Morogoro na Haki ya Anayetoa Sampuli

 

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliopima wanyama wadogo 2,520 wa Tanzania. Huko Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru, kikapatikana kirusi kipya ndani ya panya wa mashambani, kikaitwa kirusi cha Morogoro. Hakijulikani kumdhuru binadamu, ingawa kina unasaba na kirusi cha homa ya Lassa inayoua watu Afrika Magharibi.

Sasa tujiulize: kingekuwa kinaua, na sampuli zetu zikatengenezewa chanjo ng'ambo, nani angeipata mwanzo?

Suali hili lilishaikuta Indonesia. Ilikuwa ikipeleka sampuli za mafua ya ndege kwa Shirika la Afya Duniani (WHO). Ilipojua kwamba kampuni ya nje inatengeneza chanjo kutokana na kirusi chake, ikahofia kuwa watu wake hawataimudu, na mwaka 2007 ikasitisha kupeleka. Utaratibu wa kugawana ukapatikana 2011, lakini kwa mafua peke yake.

Tarehe 20 Mei 2025, nchi wanachama wa WHO zilipitisha kwa makubaliano mkataba wa kujiandaa na majanga ya maradhi; katika kura ya kamati siku moja kabla, 124 ziliunga mkono, 11 zilijizuia, hakuna iliyopinga. Watengenezaji watakaoshiriki watatakiwa kuelekeza kwa WHO asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo wakati wa janga. Angalau asilimia 10 iwe bure, iliyobaki kwa bei nafuu. Hata hivyo, kanuni za kubadilishana sampuli na manufaa ziliachiwa kiambatisho cha kujadiliwa baadaye, na mkataba hauanzi kazi mpaka nchi 60 ziuridhie.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha tusiingie penye tauni, wala tusitoke humo kwa kuikimbia. Anayebaki ndani amejizuia kwa ajili ya usalama wa walio nje. Basi walio nje wana deni kwake. Nchi inayotangaza maradhi mapema na kutoa sampuli iko katika hali hiyo hiyo. Ikidai fungu lake la dawa haiombi sadaka, inadai haki.

Lakini kuficha maradhi kwa sababu tumedhulumiwa hakufai, maana wa kwanza kuumia ni jirani. Wanyama wakitupa mimba kwa wingi zizini, au homa isiyoeleweka ikiingia mtaani, tutoe taarifa haraka. Tutimize amana yetu, kisha tudai haki yetu.

Wallahu a'lam.