Moyo Ukae na Mungu, Mikono Ikiwa Kazini

Ndugu msomaji, je, umepata kumsikia mama akisema: "Mimi sina nafasi ya kusali. Alfajiri kisimani, mchana shambani, jioni jikoni. Kusali ni kazi ya Mapadre na Masista"? Labda wewe mwenyewe umesema hivyo. Basi sikiliza habari za mtu aliyempenda Mungu kati ya vyungu na moshi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nicolas Herman, mtu wa Lorraine, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Alipokuwa na miaka 18 aliona mti wakati wa baridi, umepukutika majani yote. Akafikiri kwamba baada ya muda utachipuka tena, utoe maua na matunda. Hapo akautambua uwezo wa Mungu na maongozi yake, na mapendo yakawaka moyoni mwake. Alipata pia kuwa askari, akajeruhiwa vitani, akabaki kiwete. Mwaka 1640 akaingia utawani kwa Wakarmeli mjini Paris, akaitwa Bruda Laurent wa Ufufuko. Akapewa kazi ya jikoni.

Usidhani kazi hiyo ilimpendeza. La, kwa tabia yake aliichukia sana! Hata hivyo aliifanya karibu miaka 15. Aliwezaje? Kabla ya kuanza aliomba neema. Katikati ya kazi alizungumza na Mungu moyoni kwa maneno machache. Kazi ikiisha alijipima: ikiwa njema, alishukuru, ikiwa mbaya, aliomba msamaha, akaendelea bila kukata tamaa. Hata mayai aliyageuza kaangoni kwa ajili ya kumpenda Mungu. Kwake saa ya kazi haikutengana na saa ya sala.

Wala hakuyapata hayo kwa siku moja. Mwanzoni mawazo yake yalitangatanga kama yetu, na kwa miaka kama 10 alisumbuka sana rohoni. Lakini kila alipojikuta amepotea, alirudi kwa Mungu. Alikufa mwaka 1691, na mafundisho yake yaliyokusanywa na Padre Joseph de Beaufort yanasomwa mpaka leo.

Sasa tujitazame sisi. Mungu hapimi ukubwa wa kazi, hupima mapendo. Mama, unapochochea kuni, mwambie: "Bwana, nakupikia wewe katika watoto hawa." Baba, unaposhika jembe, mtolee jasho lako. Lakini jihadhari! Moyo ukikaa kweli na Mungu, watu wa nyumbani watajua. Mke hatatukanwa, mkwe hatasengenywa, mgeni hatanuniwa. Anayesali huku akiwaumiza wenziwe bado hajamfungulia Mungu mlango.

Tena mtu asiseme: "Nasali shambani, Misa ya nini?" Bruda Laurent hakuacha sala za watawa wenzake. Kaa la moto tunalichukua kanisani siku ya Dominika. Kazi ya juma zima ni kulipulizia lisizimike.

Basi anza leo. Chagua kazi moja tu, ile usiyoipenda kuliko zote: kuosha sufuria, kupalilia, kumwuguza mzee msumbufu. Kabla ya kuigusa, sema: "Mungu wangu, kwa mapendo yako." Kesho fanya vivyo hivyo. Ukisahau, usihuzunike mno. Rudi tu, naye yu papo hapo akikungoja.